Nani Anakupaka Mgongoni?

Siku niliyokabidhi funguo za chumba cha kuchanganyia dawa, vijana wa dirisha la dawa walinipa kitenge, keki iliyofika imelala ubavu, na kazi. Kazi yenyewe ndiyo hii. Walisema, mama, tuandikie ulivyokuwa ukifanya, maana ukiondoka wewe hakuna atakayejua kwa nini ni marufuku kuweka kikombe cha chai juu ya kile kibao cha marumaru. Nimekubali kwa sharti kwamba sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mishahara mliiona wenyewe kwenye viatu vyangu.

Nilianza katika hospitali moja hapa Moshi, ambayo siitaji jina kwa sababu bado naenda pale kupima presha. Nilikuwa nimetoka chuo na cheti changu, nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na kona, nikidhani nitasimama dirishani nihesabu vidonge na watu waniite daktari kwa makosa. Badala yake nilipelekwa chumba cha nyuma, karibu na mahali wanapofulia mashuka. Huko nilimkuta mzee mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, akikoroga kitu cheusi juu ya kibao cha marumaru.

Huyo ndiye Babu Ramu. Alikuwa mzee wa Kihindu aliyeendesha duka la dawa mjini mpaka akawaachia wanawe, kisha kukaa nyumbani kukamshinda. Hospitali ikamchukua siku tatu kwa wiki atufundishe kutengeneza dawa za kupaka. Baba yake alizaliwa Moshi, naye alizaliwa Moshi, na Kichagga chake cha sokoni kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyekulia shule za bweni. Akina mama wa Vunjo wakija dirishani walimsalimia yeye kwa Kichagga, wakanigeukia mimi kwa Kiswahili cha pole pole kama mgeni.

Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa ngozi inafanya kazi gani. Nikajibu kwa kujiamini kwamba inafunika nyama. Akasema hata kifuniko cha sufuria kinafunika, lakini ngozi inachagua. Akanieleza kwamba dawa nyingi zikifika kwenye ngozi hubisha hodi, husubiri, kisha hurudi zilikotoka. Zinazopita ni chache, zile ndogo ndogo zinazopatana na mafuta. Kazi yetu, alisema, ni kuiandikia dawa barua ya utambulisho, ili mlinzi wa getini airuhusu ipite bila kuvunja geti. Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo, vyenye michoro ya tabaka za ngozi kwa rangi tatu, lakini sikupata kitu kilichozidi ile barua ya utambulisho.

Wiki mbili za kwanza nilikoroga unga wa zinki ndani ya mafuta mazito, basi. Unashika kisu bapa kimoja mkono wa kulia na kingine wa kushoto, unatandaza, unakusanya, unatandaza, unakusanya. Babu Ramu alikuwa akichota kidogo, anajipaka upande wa ndani wa kifundo cha mkono, anafumba macho. Akihisi punje moja tu, anasema, "Mchanga huu, binti. Rudi mtoni." Kisha nilipandishwa daraja, nikapewa kukoroga lami ya makaa, ile nyeusi ya wagonjwa wa magamba. Harufu yake haiondoki kwa sabuni wala kwa maombi. Mume wangu, ambaye wakati ule alikuwa mchumba tu, aliniuliza kwa upole kama nimeajiriwa na hospitali au na wakandarasi wa barabara. Kuhusu chai na kile kibao: marumaru hunywa rangi. Mwaka mzima tuliwapa watu marhamu nyeupe yenye duara la kikombe. Sasa mmejua.

Alinifundisha pia kwamba ngozi si moja. Ya unyayo wa mkulima aliyetembea pekupeku toka utoto unaweza kuipaka dawa kuanzia Krismasi mpaka Pasaka isione kitu, na ya kope inameza kila kinachoipitia. Nilikuja kuielewa vizuri kupitia kwaya moja, kwaya ya wapi sisemi, ambamo akina mama wa sauti ya pili walikuwa wameanza kujipaka usoni krimu kali ya ukurutu iliyochanganywa na vitu vingine, mkorogo kamili. Walikuja kwangu wakiwa na nyuso za Jumapili na masikio ya siku za kazi. Ngozi ilikuwa imekonda mpaka mishipa inahesabika. Niliwasema sana, tena kwa ukali, kisha nikawatengenezea mafuta ya kawaida na kuwakataza jua, na kwa miezi miwili kwaya ile iliimba chini ya miavuli.

Lakini somo kubwa la Babu Ramu nililipata kwa Mzee Barikieli.

Mzee huyu alikuwa kapera wa Kirua Vunjo, mwenye kahawa zake, migomba yake na ng'ombe wawili wa maziwa ndani ya banda. Alikuwa na upele. Tulimpa dawa, akarudi. Tukampa nyingine, akarudi. Tukamwelekeza achemshe nguo zake, akachemsha mpaka suruali ikawa kaptura, akarudi. Mara ya nne nilikuwa nimeshaandika kwenye kadi yake kwamba hafuati maelekezo. Naandika hili kwa aibu, maana nililiandika kwa wino na kupigia mstari.

Babu Ramu aliisoma ile kadi, akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani. Akamwita mzee ndani, akamwamkia kwa Kichagga, wakaongea habari za ng'ombe kwa muda mrefu kuliko nilivyoona inafaa kazini. Kisha akamuuliza kitu kimoja tu.

"Mzee, nani anakupaka mgongoni?"

Mzee Barikieli alitazama chini. Akasema hana mtu. Mikono yake haifiki, kwa hiyo alikuwa akiipaka ile dawa kwenye nguzo ya banda la ng'ombe, kisha anasimama na kujikuna nayo kama wanavyofanya ng'ombe wenyewe. Nguzo ile, aliongeza kwa uaminifu, imependeza sana, haina hata mdudu mmoja.

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Niliporudi Babu Ramu hakuwa anacheka. Alisema dawa ya kupaka ina vitu vitatu: dawa, ngozi na mkono. Chuo wamekufundisha viwili, alisema, cha tatu lazima uulize. Jumamosi hiyo alipanda mpaka Kirua na kumkuta jirani, Mzee Tumsifu, aliyefiwa na mkewe, mwenye upele wa vile vile na mgongo wa vile vile. Akawaweka kwenye viti viwili vya miguu mitatu na kuwaonyesha. Toka siku hiyo wazee wale walikuwa wakipakana dawa kila Jumatano, na walipopona waliendelea kukutana Jumatano, ila sasa kwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Mimi nikaichana ile kadi nikaandika mpya.

Babu Ramu alistaafu mara ya pili, na mara hii nyumbani kulimweza. Aliniachia kisu chake bapa, kile chembamba cha kufika kona. Alifariki miaka mingi iliyopita. Niliendelea na lile swali lake kwa kila mgonjwa, wakaniita Mama Marhamu, na nikaamini kwamba somo limeniingia.

Halafu zikaja plasta.

Nyinyi mmezikuta, mnaziona kitu cha kawaida. Kwetu ilikuwa maajabu. Kipande cha plastiki kinachopitisha mwanga, chembamba, kinaenea kiganjani. Ndani yake imo dawa kali ya maumivu, ya ukoo mmoja na mofini, inayopita kwenye ngozi kidogo kidogo kwa siku tatu bila sindano wala kidonge. Zilikuja chache, kwa ajili ya wagonjwa wa saratani ambao dawa ya kunywa haikai tumboni. Nilipoishika ya kwanza nilitamani Babu Ramu angekuwepo. Hii haikuwa barua ya utambulisho tena, dawa ilikuwa imepewa kitambulisho cha kudumu.

Wagonjwa nao walikuwa na maoni yao. Mmoja aliibandika juu ya sweta, kwa sababu ya baridi. Mwingine, mwalimu mstaafu mwenye akili zake timamu, aliibandika kwenye picha ya eksirei, pale pale daktari alipozungushia duara. Alisema maumivu yanaonekana vizuri hapo. Nikaona dawa inateketea bure, na nikaamua kuandika karatasi ya maelezo kwa Kiswahili.

Nilijifungia siku mbili na ile karatasi ya kiwandani, nikaitafsiri yote mstari kwa mstari. Nilichora mchoro wa mgongo na kiganja kimekaa juu yake, nikaandika: bandika kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na mafuta, bonyeza kwa kiganja huku ukihesabu mpaka thelathini, joto la mkono linatosha kuishikisha. Nikaandika na ya kuepuka: joto huifanya plasta itoe dawa nyingi mno kwa mara moja, kwa hiyo epuka blanketi la umeme, epuka chumba cha mvuke, epuka beseni la maji moto la kukaa watu wengi. Niliisoma nikajipongeza. Nikaipiga chapa.

Mwaka wangu wa mwisho kazini tukampata Bibi Ndekirwa wa Kirua Vunjo, juu kabisa, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu unaingia hadi jikoni. Saratani ilikuwa imefika kwenye mifupa. Kabla ya plasta alikuwa halali. Alikuwa anauma upindo wa kanga usiku kucha ili asiwaamshe watu, na kila kanga ya nyumba ile ilikuwa na kona iliyotafunwa. Dawa ya kunywa alikuwa anaitapika. Daktari akaandika plasta. Mwanawe Estomihi, anayefanya kazi Bomang'ombe, ndiye aliyekuja dirishani. Nilimpa plasta, nikampa karatasi, nikamwonyesha mchoro, akaitikia kwa kichwa kila nilipotua. Nikamtakia safari njema. Swali la Babu Ramu sikuuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nimeshalichora.

Wiki ya tatu, asubuhi, simu ikalia. Alikuwa Mama Upendo, mke wa Estomihi, anayekaa na Bibi nyumbani.

"Shikamoo Mama Marhamu. Bibi amenisifia."

Nikasema marahaba, nikasubiri. Akasema, "Hujanielewa, mama. Amenisifia mtori."

Hapa lazima niwaeleze kitu. Siku ya kwanza Mama Upendo alipopika mtori, supu yetu ya ndizi, kama bibi harusi katika nyumba ile, Bibi alionja kijiko kimoja akauliza kama hayo ni maji yaliyooshea ndizi. Upendo, mtoto wao wa kwanza, sasa ni mwalimu, kwa hiyo hesabuni wenyewe. Toka siku hiyo wanawake wale wawili hawakuzungumza moja kwa moja. Walizungumza kupitia watoto, na watoto walipokua wakaondoka, wakazungumza kupitia ng'ombe. Bibi alikuwa akisimama mlangoni mwa banda na kumwambia ng'ombe, pole, naona leo hujaletewa majani. Mama Upendo alikuwa akimjibu ng'ombe yule yule kwamba majani yako njiani. Ng'ombe, nasikia, alinenepa vizuri katikati ya hayo yote.

Kwa hiyo asubuhi ile Bibi aliposema, akiwa ameketi jikoni, kwamba mtori ni mzuri na kwamba huyu binti ana mkono mwema, nyumba nzima iliganda. Kisha akamsamehe jirani kwa habari ya mbuzi wa zamani. Kisha akasema mahubiri ya mchungaji ni mafupi. Hapo Estomihi akapigiwa simu arudi haraka, maana ilionekana wazi mama anaaga.

Nilimuuliza Mama Upendo anapumuaje. Akajibu, "Anapumua kama mtu anayefikiria kwanza."

Dawa ile ikizidi mwilini, huanza na pumzi. Nikamwambia abandue plasta sasa hivi, aoshe mahali pale kwa maji matupu, amkalishe, amsemeshe, asimwache asinzie, na amwite mganga wa kituo cha afya. Mimi na Sista Felista, muuguzi wetu wa kuzungukia wagonjwa majumbani, tukapanda gari la hospitali tukiwa na sindano ya kupunguza nguvu ya dawa ile. Njia nzima niliomba kwa lugha zote ninazozijua.

Tulipofika, vijana walikuwa wanasimamisha turubai uani. Viti vya plastiki vilikuwa vimeshashushwa. Baba mkubwa Elisante, shemeji yake Bibi na mkubwa wa ukoo, alikuwa ameshikilia mwongozo wa ibada. Tukawapita bila salamu. Ndani, mganga wa kituo alikuwa anamhesabia Bibi pumzi, na Mama Upendo alikuwa anamsimulia ng'ombe, ingawa ng'ombe hakuwepo, kila jambo lililowahi kutokea katika banda lile, ili Bibi asilale. Sista akachoma sindano kidogo kidogo, kwa uangalifu. Baada ya muda Bibi akavuta pumzi ndefu, akafungua macho, akatazama dirishani.

"Nani amekufa?"

Estomihi, aliyekuwa ndio kwanza anaingia, akasema hakuna mtu mama, tunaanika turubai.

"Kwenye ukungu?" akauliza Bibi. Nikajua tumempata.

Tulishuka naye hospitali, akakaa siku mbili chini ya uangalizi. Pumzi ikakaa sawa. Lakini maumivu yalirudi yote, na usiku wa pili wauguzi walimkuta ana kona ya shuka mdomoni. Daktari akasema plasta irudishwe, ndogo zaidi, na kwanza tujue nini kilitokea. Estomihi akakataa. Alisema jambo hilo si lake peke yake, ukoo una neno. Jumamosi tukampandisha Bibi nyumbani akiwa amelala kwenye kiti cha nyuma, mkono wangu mmoja ukimshika bega na mwingine ukishika ile plasta ndogo ndani ya bahasha. Nilijua bahasha ile ikirudi nami Moshi, Bibi atamaliza siku zake akitafuna kanga.

Turubai lilikuwa bado limesimama. Kwa kuwa lilikuwa limesimama, watu walikuwa wamekaa chini yake, na kwa kuwa walikuwa wamekaa, walikuwa wanakula. Bibi akawekwa kwenye kiti chake cha mkono, katikati, kama mgeni rasmi wa msiba wake mwenyewe. Baba mkubwa Elisante akafungua kikao. Alisema kwa utaratibu kwamba plasta ile imepotosha akili ya shemeji yake, na ushahidi upo, kwani alisikika akimsifu mke wa Estomihi. Dawa inayomfanya mtu mzima aseme asiyoyajua, alisema, haifai kurudi nyumba hii. Kisha akauliza ni nani aliyekuwa akiibandika. Watu wote wakamgeukia Mama Upendo. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, ameshika mwiko.

Nikaomba nione jiko kabla hawajaendelea. Waliona ajabu, lakini nikaruhusiwa. Ndani kulikuwa na meko ya mafiga, moto hauzimwi kutwa, na kando yake kigoda, mgongo wa mkaaji ukiuelekea moto. Nikamuuliza Mama Upendo nani hukaa pale. Akasema Bibi, toka baridi ilipozidi, asubuhi mpaka mchana. Nikamuuliza kwa nini anaupa moto mgongo.

Alikisogeza kigoda kwa mguu. Kisha akasema polepole kwamba karatasi inataka kiganja mpaka thelathini, na Bibi hataki kiganja chake. Kwa hiyo yeye alikuwa akiibandika kwa ncha za vidole, kama stempu, na kuondoka. Plasta ikawa inabanduka pembeni, na Bibi alipoambiwa na Estomihi kwamba joto ndilo linaloishikisha, akasema joto ni joto, nitakaa na moto.

Tulirudi uani. Estomihi alikuwa ameitoa ile karatasi yangu mfukoni, imekunjwa vizuri. Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi.

"Mama Marhamu, hapa umeandika blanketi la umeme. Hatuna. Chumba cha mvuke, hatuna. Beseni la maji moto la kukaa watu wengi, nilimuuliza kila mtu hapa Kirua, hakuna aliyewahi kuliona. Meko hujaandika."

Nimesimama mbele ya madaktari, wakaguzi na mbele ya akina mama wa sauti ya pili. Sijawahi kusimama kama nilivyosimama chini ya turubai lile. Nilizaliwa kando ya meko kama hayo. Mama yangu alinifundisha kutembea akinizuia nisiyaangukie. Na niliandika habari za beseni la wazungu.

Nikawaambia kwamba kosa ni langu. Mke wa Estomihi ameiondoa plasta kwa wakati na amemsemesha Bibi mpaka tulipofika, na bila yeye viti hivi vingekuwa na kazi. Mimi ndiye niliyesahau meko, tena ndiye niliyempa mwanamume wa Bomang'ombe maelezo ya mgongo wa Kirua bila kuuliza ni nani atakayeweka mkono. Nikawaeleza kwamba dawa ni ile ile nzuri, ila moto uliifungulia mlango wote kwa mpigo. Hii ya leo ni ndogo, na mbali na moto itamtunza Bibi akili zake na usingizi wake.

Baba mkubwa Elisante alisikiliza, akakohoa. Akasema haya, lakini bado liko lile la kumfanya mtu aropoke.

Bibi Ndekirwa alijiinua kidogo kwenye kiti chake. Kona ya kanga ilikuwa mdomoni. Akaitoa.

"Sikuropoka. Niliyasema mimi."

Elisante akamwambia taratibu kwamba labda hakumbuki, alisema mtori ni mzuri.

"Ni mzuri," akasema Bibi. "Ni mzuri toka mwaka ule. Dawa haina ulimi, Elisante. Iliniondolea maumivu nikapata nafasi ya kusema." Akapumua, uso umekunjamana, maana maumivu yalikuwa yakimla tukimwona. "Na mahubiri ni marefu. Hilo ndilo nililoropoka."

Wakacheka wote, Elisante wa mwisho. Bibi akageuka, kwa shida, akatazama mlango wa jiko. Sikumwona ng'ombe popote.

"Mama Upendo. Njoo na mkono wako."

Mama Upendo aliweka mwiko chini, akajifuta viganja kwenye kitenge mara mbili, akaja. Tulimwingiza Bibi ndani, dirishani, mbali na meko. Sista akasafisha na kukausha ngozi, mimi nikaibandika plasta chini ya bega. Kisha nikarudi nyuma, jambo ambalo katika miaka yote ya kazi sikuwa hodari kulifanya. Mama Upendo akaweka kiganja chake chote juu ya mgongo ule, akaanza kuhesabu kwa Kichagga, kwa sauti ndogo. Bibi alifumba macho. Ilipofika kumi nikaona mabega yake yanashuka, na zilikuwa zimebaki saa nyingi kabla dawa haijaanza kufanya kazi.

Nimeiandika upya ile karatasi. Mtaikuta kwenye droo ya juu, chini ya kisu cha Babu Ramu, nacho sasa ni chenu. Meko yamo, mstari wa kwanza. Beseni nimeliondoa. Na kabla ya mchoro nimeacha nafasi tupu mnayotakiwa kuijaza nyinyi, kwa jina la mtu, kila mara mnapotoa dawa ya kupita kwenye ngozi.

Siku ile Mama Upendo alipofika thelathini aliinua kiganja kidogo tu, akasema tayari mama, imeshika.

"Haijashika," akasema Bibi, macho yamefumbwa. "Hesabu upya."